Meno ya Mdogo Wangu

Mwaka ule mdogo wangu alipoanza kutambaa, mama alikuwa na kazi moja ambayo hakumwambia mtu. Kila asubuhi, kabla ya kumwogesha, alimlaza mapajani, akamfunua mdomo kwa kidole na kumchungulia ufizi. Meno ya utotoni yalikuwa yameanza kuchomoza chini, meupe, madogo kama punje za mchele. Mama hakuyajali hayo. Alikuwa akiyawazia yale yatakayoota baadaye, meno ya ukubwani. Nilijua, kwa sababu akishamaliza kumtazama mtoto, macho yake yalinijia mimi, kisha yakakimbia.

Meno yangu ni ya kahawia. Si uchafu. Nimeyasugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa chumvi na ndimu, mpaka ufizi ukatoka damu, na rangi ikabaki pale pale. Yana mistari myeupe kama chokaa na madoa ya rangi ya chai ya mkandaa. Shuleni waliniita Kutu. Nikajifunza kucheka nimefumba mdomo, na kuongea nikiwa nimeshika ncha ya leso karibu na midomo kama mtu anayeficha mwayo. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea. Nilikaa nyumbani nikisuka makuti ya kuuza pamoja na bibi jirani, ambaye sote tulimwita hawe, ndiyo bibi kwa Kigiriama. Makuti hayamuulizi mtu neno, na hawe aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Hapa Kakuyuni mtu akiona meno kama yangu husema, huyo ni wa bara. Na ni kweli, wazazi wangu walitoka bara, upande wa Nakuru, ambako maji ya visima vingi yana madini yanayoitwa floraidi, tena kwa wingi. Mtoto akiyanywa angali mdogo, meno yake ya ukubwani huota yakiwa na madoa. Mama anayo. Baba, ambaye ni mlinzi wa hoteli huko Watamu na huja nyumbani kwa zamu, anayo pia.

Lakini mimi sikuzaliwa huko. Mama aliibeba mimba yangu hapa hapa, na alinieleza mara nyingi jinsi alivyofurahi kwamba mtoto wake ameyaepuka maji ya kwao. Hata hivyo hakuviamini visima vya huku, ambavyo vina chumvichumvi. Mimi alininywesha maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati na kuwekwa ndani ya pipa lenye kifuniko, na bado akayachemsha. Meno yangu ya utotoni yakaja meupe. Ya ukubwani yakaja hivi yalivyo. Mama alitafuta sababu akaikosa, akaamua kwamba ni damu. Kwamba alikunywa maji yale tangu utotoni mpaka yakamwingia mwilini, akanirithisha. Sasa amezaa tena baada ya miaka mingi, na dhidi ya damu hakuna pipa wala kifuniko.

Mambo yalikuwa hivyo wakati kamati ya maji ilipoita mkutano.

Kijiji kilikuwa kimepata kisima cha mashine, chenye tangi kubwa na mabomba karibu na shule ya msingi. Muda si mrefu baadaye alikuja daktari wa meno kutoka Malindi, binti wa Mambrui mwenye buibui jeusi na sauti ya upole, akawapima watoto wa shule. Aliwakuta na meno yaliyooza vibaya. Si ajabu, kwa mabuyu ya rangi na achari na barafu za sukari zinazouzwa langoni pa shule. Akaiambia kamati kwamba ziko nchi ambazo floraidi kidogo sana hutiwa katika maji ya mji ili kuyapa meno nguvu, na kwamba huko nako watu hubishana mpaka leo kama ni jambo jema. Yeye hakusema tutie. Alisema tulifikirie. Lakini habari ikishatoka kwenye kamati haina breki, na kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba maji yatatiwa dawa.

Mkutano ulifanyika katika darasa la chekechea, maana mvua ilikuwa imelowesha uwanja. Wazee walikalia viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mimi na mama tulikaa nyuma, mtoto mgongoni mwa mama.

Daktari alieleza tena, akitumia mfano wa chumvi kwenye mchuzi, kwamba kidogo hufaa na kingi huharibu. Mzee mmoja wa msikitini aliuliza kama maji yatabadilika rangi, ladha au harufu, kwa sababu yakibadilika watu watatawadha na nini. Daktari akamjibu kwa heshima kwamba hayatabadilika hata kimoja, na mzee akaridhika, akavuta kofia yake mbele. Mkulima mmoja akasema yeye amesikia dawa hizi ni za kuwazuia watu wasizae. Hapo hawe akainuka, akasema yeye amezaa mpaka amechoka na meno yote yamekwisha, kwa hiyo kama kuna dawa ya kuzuia kuzaa au ya kulinda meno, kwake zote zimechelewa. Watu walicheka, na kwa kitambo ubishi ukapoa.

Akasimama mwenye duka la misumari na mabati, mtu wa bara kama sisi, mwenye sauti kubwa. Hakuanza kwa maneno. Alianza kwa kufungua mdomo wake na kugeuka taratibu, upande huu na upande ule, kila mtu aone.

"Hii ndiyo hiyo floraidi," alisema. "Kwetu tunatafuta namna ya kuitoa. Nyinyi mnataka kuitia."

Daktari akasema huko ilikuwa nyingi mno, na ndiyo maana kipimo ni muhimu. Mwenye duka akasema kipimo kitashikwa na nani, na siku mshika kipimo akiwa na usingizi je? Kisha akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya darasa.

"Kama mimi ni mzee na meno yangu ni ya tumbaku, mtazameni huyu binti. Mnataka watoto wenu wawe hivi?"

Darasa zima liligeuka. Nilivuta leso mpaka puani. Nilitamani ukuta wenye picha za herufi na wanyama unifungukie niingie. Sikumchukia mwenye duka. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anawatetea watoto. Lakini nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kuufunga mdomo wangu, na sasa ulikuwa umefunguliwa mbele ya watu bila mimi kuufungua.

Mama akasimama. Mama si mtu wa kusimama mikutanoni. Kiswahili chake ni cha bara na hukionea haya mbele ya watu wa pwani.

"Huyu hakuzaliwa kwetu," alisema. "Nilimzaa hapa. Maji ya huko hajawahi kuyaonja."

Alitaka kunikinga. Hakujua alichokifanya mpaka watu walipoanza kutazamana. Kama binti huyu hakunywa maji ya bara, basi alikunywa ya wapi? Mama mmoja wa mbele akamvuta mwanawe akamtazama meno pale pale. Mwingine akauliza kama ugonjwa uko katika maji yetu wenyewe. Mtu akasema kisima cha mashine bado kipya, hakiwezi kuwa ndicho. Mwingine akamjibu kwamba ardhi ni moja, maji ya chini ni ndugu. Mkutano ulivunjika bila uamuzi, ila daktari alisema atachukua maji ya kisima kipya, ya visima vya zamani, na ya pipa letu, akapimishe. Mpaka majibu yatoke, alisema, hakuna kutia kitu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Watu waliacha bomba na kurudi kwenye bwawa wanakonywa ng'ombe, na wanawake wakipita mbele ya nyumba yetu na mitungi walinyamaza kwanza, wakaongea walipofika mbali. Hawakutukana. Ni mimi tu niliyehisi kwamba nimewakatia maji. Mama alizidi kumchungulia mtoto, siku hizo hata mchana. Wakati huo mtoto alikuwa ameanza tu kula. Alipewa uji, na siku moja moja mchuzi wa maharagwe uliopondewa ndizi.

Hawe peke yake ndiye aliyekuja kama kawaida, akakaa kwenye mkeka wake, akachukua kuti.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyonitania siku zote, "umekuwa mtu mkubwa. Kijiji kizima kinakunywa maji ya ng'ombe kwa ajili ya meno yako."

Nikacheka, na leso ikaanguka. Yeye hakutazama meno yangu. Aliendelea kusuka.

Daktari alirudi na majibu. Alipitia kwanza kwa mwenyekiti wa kamati, kisha akaja kwetu, kwa sababu maji ya pipa letu yalikuwa yamepimwa pia na aliona ni haki tuyasikie majibu nyumbani kwetu. Alivua viatu mlangoni, akampa mama shikamoo, akakaa. Alisema maji yote ni salama. Kisima kipya kina floraidi kiasi, ya kutosha kuyafaa meno bila kuyadhuru, kwa hiyo hakuna haja ya kutia hata chembe. Visima vya zamani vina chumvi tu. Pipa letu halikuwa na kitu chochote, maji ya mvua matupu.

Nilishusha pumzi. Wanawake wangerudi bombani. Lakini mama hakushusha. Alimuuliza daktari kama basi ni damu. Daktari akasema hapana, mama, haiko katika damu ya kurithi namna hiyo. Ni kitu kinachoingia kwa mdomo wakati mtoto ni mdogo, meno yake ya ukubwani yakiwa yanatengenezwa ndani ya ufizi. Akatuuliza mambo mengi, kama mimi nilipelekwa bara nikiwa mchanga, kama nilikuwa nikila dawa ya meno. Hapana na hapana. Dawa ya meno nyumbani kwetu ilikuja mimi nikiwa shuleni.

Akataka kuaga. Hapo ndipo mama alipokataa. Kwetu mgeni aliyeleta habari njema haondoki na njaa, na kwa watu wa pwani ni hivyo hivyo, kwa hiyo daktari hakuwa na pa kukimbilia. Maharagwe yalikuwa jikoni tangu asubuhi na bado magumu kama kokoto. Maji ya chumvi ya visima vya huku hayaivishi maharagwe upesi, kila mpishi anajua, na maji ya pipa mama aliyahifadhi kwa kunywa tu. Akafanya alichokifanya siku zote anapokuwa na haraka. Akatoa mfuko uliofungwa kwa kamba juu ya kabati, akavunja bonge la magadi, akalitumbukiza chunguni. Povu likapanda. Akavunja jingine.

Daktari alikuwa amekaa kizingitini pa jiko, akimchezesha mtoto kwa funguo zake. Akaacha kuzitikisa.

"Mama, magadi hayo ni ya wapi?"

Mama akasema kwa fahari kidogo kwamba ni ya kwetu, si haya ya dukani. Kila mtu wetu anayetoka bara kwa basi humletea. Yametoka kwenye yale maziwa ya magadi ya huko, na hakuna yanayolainisha maharagwe na mahindi kama hayo. Akaeleza kwamba tangu alipohamia huku hajawahi kukosa mfuko, na kwamba kwa maji haya ya chumvi humbidi atie mara mbili ya walivyokuwa wakitia kwao. Alisema maharagwe na mahindi yaliyopikwa hivyo ndiyo chakula nilichokulia mimi, kwamba niliachishwa ziwa kwa mchuzi wake.

Daktari alizifumbata funguo zake. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kusema bila kumuumiza.

"Mama yangu," alisema, "yale maji uliyoyakimbia yamekufuata ndani ya mfuko."

Mama hakuelewa mara moja. Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, na jambo ninalolikumbuka zaidi ni wepesi. Kitu kilichokuwa kimenikalia kifuani tangu siku za kuitwa Kutu kiliinuka kikaenda zake. Sikuwa na damu mbaya. Sikuwa na laana, wala ardhi ya kijiji haikuwa na ugonjwa. Yalikuwa magadi, yenye floraidi ile ile ya visima vya kwao. Nilitaka kucheka kwa sauti. Kisha nikamtazama mama, naye alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akiangalia chungu.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Si desturi yangu kusema mbele ya wageni. Lakini nilisema, bila leso.

"Si wewe, mama. Wewe ulinikingia hata mvua."

Alikaa chini juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akalia, mwiko bado mkononi. Daktari alimwacha alie. Kisha akamwambia kwamba si yeye peke yake, kwamba akina mama wengi wa bara na wa pwani hutumia magadi na hakuna aliyewaambia, na kwamba bonge dogo siku moja moja si sawa na mabonge mawili kila siku kwa mtoto anayeota meno. Mama akauliza lile lililokuwa moyoni mwake miezi yote, kama huyu mdogo ameshaharibika. Daktari akauliza ameanza kula lini. Mama akamwambia. Daktari akasema ni muda mfupi, na kwamba tukiacha leo kuna matumaini makubwa, ila hawezi kuapa. Tutajua meno ya mbele yakishaota, mtoto akiwa wa kuanza shule.

Mama akainuka kwenda kumwaga chungu. Daktari akamshika mkono.

"Usimwage, mama. Mimi meno yangu yameshaota. Nipakulie."

Na kweli alikula, na nazi iliyokuwa imekunwa ilitiwa, na maharagwe yalikuwa laini kama siagi. Mimi pia nilikula. Mtoto alipewa ndizi.

Kabla hajaondoka, daktari alinitazama meno kwa tochi ya simu. Nilimwachia. Alisema madoa hayatatoka kwa kusugua, niache kujiumiza kwa mkaa, ila kuna namna ya kuyafunika siku nikitaka. Kisha akasema hakuna hata jino moja lililooza, kwamba katika watu wote aliowapima kijijini hajaona meno magumu kama yangu. Hawe, aliyekuwa amefika kwa harufu ya nazi, akasema kama ni hivyo basi tubadilishane, yeye rangi haimsumbui.

Kamati ilikutana tena, na safari hii mkutano haukuchukua muda. Maji yakaachwa kama yalivyo. Walioitaka floraidi na walioipinga walitoka wote wakisema wameshinda, na mwenye duka la misumari akaja kwetu baadaye na sukari kwenye mfuko, akaniomba radhi kwa kuninyooshea mkono. Nilimwambia yamekwisha. Asingeninyooshea, mama asingesimama.

Ikabaki kungoja. Mama aliufunga ule mfuko akautupa shimoni, akaanza kuroweka maharagwe tangu jioni na kuyapika kwa maji ya mvua. Yaliiva, lakini kwa kuni nyingi na kwa saa nyingi, na baba alipokuja likizo alilalamika kwamba anatafuna kama yuko kazini. Jamaa wa bara walipoleta magadi mengine, mama aliwapokea vizuri, akawapa wayarudishe. Kazi ya maelezo aliifanya yeye, yule asiyesimama mikutanoni. Kila aliyejifungua karibu nasi alimwendea na uji na habari ya magadi.

Mwaka jana ndipo jino la kwanza la mdogo wangu lilipong'oka, likakwama kwenye mahamri. Hawe alimfundisha kulirusha juu ya paa na kumwomba mjusi alichukue, ampe jipya. Mtoto alirusha kwa nguvu hivi kwamba likavuka nyumba likaangukia kwa jirani, ikabidi tulitafute nyasini arushe tena. Baada ya hapo hakuna aliyepumzika nyumbani. Mama alikuwa na tochi asubuhi, hawe mchana, mimi jioni.

Jino jipya lilipotokeza ncha, mama aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Lilikuwa na vijino vidogo juu yake, kama msumeno. Alikuwa na hakika kwamba ndilo janga lenyewe limekuja kwa sura nyingine. Nikampigia daktari simu. Alicheka mpaka akaniomba radhi. Meno yote mapya huja hivyo, alisema, hata yake yalikuja hivyo, hulainika kwa kutafuna. Akauliza rangi. Nikarudi kutazama tena kwenye mwanga wa mlangoni. Jeupe, nikamwambia. Jeupe kabisa.

Ya chini yakaja yote meupe. Ya juu yamekuja mwaka huu. Moja lina kiwingu kidogo cha chokaa pembeni, ambacho usipoonyeshwa hukioni, na daktari amesema ni cha kusahau. Mama bado hajakisahau, lakini hakizungumzii.

Juzi hawe alikuja na wageni wake kutoka Mambrui, akataka mtoto afungue mdomo waone. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya pipa akila embe bichi kwa chumvi na pilipili.

"Leo sifungui," alisema. "Nimechoka. Kila mtu anakuja kutazama na hakuna anayenunua."

Akang'ata embe, kipande kikubwa, na tukaona meno yote bila kuomba.